Koti la Mteja

"Usikae," alisema Mama Pacha. "Ukikaa litajikunja mgongoni."

"Nisikae mpaka saa ngapi?"

"Mpaka upate kazi."

Baba Pacha alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono kaitanua kidogo, kama mtu aliyenyeshewa anayesubiri kukauka. Koti lilikuwa la kijivu, la kitambaa kizito, na kwa urefu wake lilimkaa vizuri mno. Mkewe alimzunguka na brashi mkononi, akimpangusa vumbi ambalo halikuwepo, akivuta hapa, akinyoosha pale, huku pini tatu kazibana midomoni.

Aibu yenyewe ni afadhali tuiseme mapema. Koti halikuwa lao. Tabia za mafundi wa nguo kila mtu anazijua: unapeleka gauni lako Jumatatu, Jumamosi unalikuta harusini linacheza bila wewe. Fundi wa mtaa wa pili alikutwa hivyo hivyo, tena mwenye gauni ndiye alikuwa bibi harusi. Mama Pacha hakuwa wa namna hiyo. Ukutani, juu ya cherehani yake, alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: HAPA NGUO YA MTEJA HAIVALIWI. Kusema kweli, wateja walimfuata kwa maneno hayo kuliko kwa mishono yake, ingawa mishono nayo haikuwa haba.

Lakini mumewe alikuwa ameitwa kwenye usaili. Tangu ghala alilokuwa akililinda lifungwe na mwenye ghala aondoke bila kuaga, nyumba nzima ilikuwa imeegemea cherehani moja, na pacha wao walikuwa wanakula kama wako wanne. Sasa ofisi ya serikali ilitaka mlinzi wa getini. Barua ilisema msailiwa afike "amevaa nadhifu". Koti la Baba Pacha mwenyewe lilikuwa limeliwa na panya, wakabakiza vifungo.

"Ni la asubuhi tu," Mama Pacha alisema, na hakuwa anaongea na mumewe. "Mwenyewe analifuata jioni. Asubuhi haihesabiki."

Mwenye koti alikuwa mzee mmoja mrefu, mpole, aliyependa kuja giza likianza kuingia, na ambaye hakuweza kusema neno bila kukohoa kwanza. Hakuwahi kuulizwa anafanya kazi wapi. Mteja asiyeomba kupunguziwa bei haulizwi maswali. Koti hilo Mama Pacha ndiye aliyelishona, na ndani yake akamtilia mfuko mrefu mwembamba, "wa miwani," mzee alisema. Juzi alilirudisha, mfuko umetoboka chini. Mama Pacha aliuziba. Alipopapasa pindo la chini akakuta ni zito, akatabasamu peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake: ndani ya pindo la kila koti alikuwa anashonea vipande vya chuma, vidogo kama kucha, ili koti lining'inie sawasawa na mvaaji aonekane mtu wa maana hata kama siye.

"Na jambo moja," alisema akitoa pini midomoni. "Koti usivue. Hata wakikukaribisha. Hata nyumba ikiwaka."

Baba Pacha alijua. Kitambaa cha shati alilovaa ndani kilikuwa kimetosha mbele, kola na mikono. Mgongoni mkewe alimalizia na kipande kilichobaki cha pazia la mtu, lenye maua mekundu makubwa kama sahani.

"Kwani mlinzi anaonekana mgongo saa ngapi?" aliuliza.

"Akikimbia. Kwa hiyo usikimbie."

Waliondoka pamoja. Mama Pacha alisema anakwenda kumwombea dua pale nje, lakini ukweli ni kwamba alikuwa anaandamana na koti.

Getini palikuwa na foleni na bango jipya. Bango lilisema ni marufuku kuingia na silaha iliyofichwa, na atakayekutwa nayo atakabidhiwa polisi, kwa amri ya Mkuu wa Ofisi. Chini yake walikuwa wamechora bastola, kisu, na kitu cha tatu ambacho wengine kwenye foleni walisema ni nyundo na wengine wakashikilia kuwa ni mswaki.

Aliyekuwa anapekua ni askari mwanamke, mfupi, mwenye sauti iliyotosha watu wawili. Mkononi alikuwa na kifimbo cheusi kinacholia kikisogezwa karibu na chuma. Alikuwa amekwisha kumnyang'anya mwalimu mstaafu mwamvuli wake.

"Mwamvuli una silaha gani, mwanangu?"

"Una ncha, mzee."

"Hata mimi nina ncha! Niliyo nayo kiwikoni hapa ni kali kuliko hiyo."

"Kiwiko hakijafichwa. Pita."

Nyuma ya Mama Pacha alisimama jirani yao muuza mkaa, aliyekuja kufuatilia kibali cha kibanda chake. Mama huyu hakuwahi kushinda na habari tumboni.

"Shemeji leo kapendeza!" alisema kwa nguvu. "Koti jipya?"

"La siku nyingi," alijibu Mama Pacha, akajifanya anamfukuza nzi.

Ilifika zamu ya Baba Pacha. Alinyoosha mikono. Kifimbo kililia.

"Funguo," alisema askari. Baba Pacha alitoa funguo. Kikalia tena.

"Mkanda." Alivua mkanda, akashika suruali kwa mkono mmoja, maana ilikuwa ya enzi zile alipokuwa na mshahara na kitambi. Kikalia tena.

"Kaka, una nini mwilini? Umemeza misumari?"

Foleni ilicheka. Baba Pacha naye alijaribu kucheka, akaacha. Mtu aliyekuja kuomba kazi ya kupekua watu alikuwa anapekuliwa mbele ya watu na kushindwa. Saa ya ukutani ndani ya kibanda cha askari ilionyesha kwamba usaili umeshaanza.

Kifimbo kilishuka polepole kwenye koti, na kilipofika chini kikapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Vua koti."

"Haiwezekani," alisema Baba Pacha.

"Unasemaje?"

"Namaanisha... nina mafua."

Mama Pacha aliona mambo yanaharibika, akajitosa. "Dada askari, hivyo ni vyuma vyangu! Mimi ndiye fundi. Naviweka kwenye pindo ili koti likae vizuri. Muulize mtu yeyote. Subiri nikuonyeshe, nafumua kidogo tu."

Na kwa mazoea, bila kufikiri hata kidogo, aliingiza vidole kwenye fundo la kilemba chake akatoa wembe.

Foleni ilirudi nyuma hatua nzima. Mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa hajafika mbali, alinyoosha kidole akapaza sauti: "Mimi mwamvuli! Mwamvuli!"

"Weka chini!" Sauti ya askari ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Ni wa kufumulia, dada. Unakaa hapa kila siku. Hata nikilala huwa nausahau."

"Weka chini, nimesema."

Aliuweka. Askari aliuokota kwa ncha za vidole, akautazama wembe, akalitazama koti. Kazi ilikuwa imemchosha na jua lilikuwa halijapanda. Akamlazimisha Baba Pacha avue, na Baba Pacha akavua, na maua mekundu yakatoka nje kuwasalimia wananchi.

Hakuna aliyecheka mara moja. Kwanza walihakikisha wanaona wanachoona.

"Pazia la sebuleni kwa dada yangu!" muuza mkaa alisema kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu chake. "Nalijua maua yale!"

Askari alifumua pindo, Mama Pacha akimwelekeza asikate kitambaa. Kipande cha kwanza cha chuma kikadondoka mezani. Cha pili. Cha tatu. Mama Pacha alimwangalia kila mmoja kwa ushindi. Kisha kutoka ndani ya bitana kikateleza kitu kirefu, kikatua juu ya vile vyuma kwa mlio mzito: kisu cha kukunja, mpini wa mfupa, kimepakwa mafuta vizuri.

Mama Pacha akakumbuka. Ule uzito wa juzi, alioupapasa na kujisifu! Kisu kilipenya pale mfuko ulipotoboka, kikashuka mpaka chini, na yeye akaziba tundu juu yake na kuona amefanya kazi nzuri.

"Koti la nani hili?" aliuliza askari. Safari hii alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ilitisha zaidi.

Baba Pacha alimtazama mkewe. Alimtazama na muuza mkaa, aliyekuwa amenyoosha shingo asipitwe. Akashika suruali vizuri.

"Langu," alisema.

"Na kisu?"

"Kama koti ni langu, basi na kisu ni changu."

Mama Pacha alielewa, na moyo ukamuuma kweli kweli. Mume huyu alikuwa ametunzwa na cherehani siku zote hizo, akifagia vipande vya vitambaa na kupeleka nguo kwa wateja, bila kunung'unika na bila kuinua uso sana. Sasa alikuwa tayari kulala polisi na kuikosa kazi, ili mtaa usijue kwamba mkewe anaazimisha nguo za watu. Mjinga, alimwambia kimoyomoyo, na hakuwahi kumpenda kuliko dakika ile.

"Muongo huyo," alisema kwa sauti. "Koti ni la mteja. Nimemvalisha mimi."

Muuza mkaa alishika kifua. "Mama Pacha! Wewe?"

"Mimi."

"Na yale maandishi ya ukutani?"

"Yapo ukutani. Mimi ndiye nimeteleza."

"Na gauni langu la zambarau?"

"Gauni lako halijatoka kwenye msumari, shoga. Na lingetoka, mtaa huu mzima nani wa kulijaza?"

Watu walicheka, lakini Mama Pacha hakucheka. Alijua kufika jioni hadithi ingekuwa imezunguka mitaa mitatu, na kila mwenye kitambaa kwake angekuja kukichukua. Hayo atayalia baadaye. Kwa sasa alitaka mumewe aingie kwenye ule mlango kabla majina hayajaisha.

"Mteja gani?" askari aliuliza.

Kabla hajajibu, mtu alikohoa nyuma yao.

Mama Pacha alikijua kikohozi kabla ya kuijua sura. Yule mzee mrefu alikuwa amesimama upande wa ndani wa geti, ametoka kwa mlango wake wa pembeni ambao hauna kifimbo wala foleni, kuja kuona kelele ni za nini. Askari alipiga saluti. "Mkuu!"

Mkuu wa Ofisi aliliona koti. Akakiona kisu. Akamwona fundi wake. Uso wake ukawa wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Mteja gani, mama?" askari alirudia. "Sema, polisi wakija wamkamate anayestahili."

Angesema neno moja tu, mumewe angekuwa huru. Lakini mtu anayeumbuliwa mbele ya foleni ndiye huyo huyo atakayekaa kwenye kiti cha msaili, na Mama Pacha hakuwahi kuona mtu akimpa kazi mume wa aliyemwaibisha. Akinyamaza, polisi. Akisema, kazi imekwenda.

"Namjua kwa sura," alisema mwishowe. "Jina sijawahi kumuuliza. Mwenyewe akiliona koti lake atalijua."

Mkuu alikohoa tena, kikohozi kirefu kisicho na sababu. "Huyu si wa usaili?" alisema akimtazama Baba Pacha. "Aingie. Watu wanasubiri. Kisu na koti vibaki hapa, na... polisi watapigiwa baadaye."

"Na huyu mwenye wembe?"

"Akae benchi la ndani. Asiondoke."

Benchi la ndani lilikuwa mkabala na chumba cha usaili. Mlango wa chumba hicho haukuwa na kitasa. Ulizuiliwa na tofali usijifunge, na kwa hiyo Mama Pacha aliona kila kitu. Meza ndefu. Mkuu katikati. Kulia kwake, mama mmoja mkavu wa idara ya watumishi, miwani puani. Kushoto, bwana aliyelala kwa adabu, amenyoosha shingo. Na mbele yao Baba Pacha, mkono mmoja kwenye suruali, maua yakiwa yamegeukia mlangoni.

"Kaa," alisema mama wa watumishi.

Baba Pacha alisita. Kisha akakumbuka kwamba hana tena koti la kujikunja, akakaa.

Walimuuliza alikotoka, akajibu. Walimuuliza kuhusu ghala, akajibu vizuri kuliko alivyofanya mazoezi jana yake na mkewe. Mkuu hakuuliza kitu. Alikuwa anachezea kalamu.

"Swali la mwisho," alisema mama wa watumishi. "Umesimama getini. Anakuja kiongozi, mtu mzito. Unahisi ana silaha, naye hataki kupekuliwa. Utafanyaje?"

Kalamu ya Mkuu ilitulia.

Mama Pacha alitamani kupita ukutani akamzibe mumewe mdomo. Sema utampigia saluti, aliomba. Sema utauliza wakubwa. Sema lolote lenye asali.

"Nitampekua," alisema Baba Pacha.

"Akikataa?"

"Nitamwambia nimewapekua wote waliotangulia. Wenye njaa na wenye shibe. Nikimpitisha yeye, kesho nitamtazamaje mzee wa watu niliyemnyang'anya mwamvuli?"

"Na ukikuta kweli ana silaha?"

Baba Pacha alijikuna kidevu. "Nitaichukua. Ila sitampigia kelele. Mtu mzima anayetembea na kisu kwenye nguo ana kitu kinamtisha. Mimi mwenyewe nimefika hapa leo naogopa, na sikuwa na kisu. Yaani... nilikuwa nacho, lakini sikujua."

Bwana wa kushoto aliamka. Mkuu akakohoa.

"Na kama kiongozi huyo," alisema taratibu, "ndiye anayekuajiri?"

Baba Pacha aligeuka, akamwona mkewe benchini, ameshika ule mkanda uliovuliwa getini kama anashika mtoto. Mama Pacha aliona macho yake na akajua anawaza pacha wao nyumbani. Akamkubalia kwa kichwa. Hakujua hata anakubali nini.

"Basi atajua kwamba ameajiri mlinzi," alisema Baba Pacha.

Mkuu aliweka kalamu mezani.

"Koti ni langu," alisema. "Na kisu ni changu."

Miwani ya mama wa watumishi ilimdondoka puani.

"Mwaka jana kuna mtu alinifuata mpaka kwenye ngazi za nyumbani. Faili lake lilikuwa limepotea ofisini kwangu. Alinikaba. Na mwenye kosa nilikuwa mimi, faili tulilipoteza kweli." Alikohoa. "Tangu siku hiyo natembea nacho. Kilipopotea nilidhani nimekiangusha barabarani. Usiku huo huo nikaandika amri ya kuwapekua wengine. Polisi wakija, waje kwangu. Huyu bwana na mkewe hawana kosa."

"Mkuu," alisema mama wa watumishi, akiokota miwani, "hili itabidi niliandike."

"Andika."

Akaandika. Alipomaliza, pengine kwa sababu hakujua afanye nini kingine, alimgeukia msailiwa na kuuliza swali lililobaki kwenye karatasi yake.

"Ukipata kazi hii, unaweza kuanza lini?"

"Hata sasa hivi."

Mama wa watumishi alimtazama Mkuu. Mkuu alimtazama yule bwana wa kushoto, ambaye hakujua amepitwa na nini na kwa hiyo aliafiki. Mkuu akatikisa kichwa kukubali.

"Basi umeanza," alisema.

Benchini Mama Pacha alifunika uso kwa viganja. Machozi yalimtoka na hakuyazuia. Alikuwa ameyaweka akiba siku nyingi. Alipofunua macho, mumewe alikuwa amesimama, amejinyoosha, maua yamekunjuka mgongoni, na bado ameshika suruali.

"Mzee, samahani," alikuwa anasema. "Naomba usimame, unyooshe mikono."

"Mimi?"

"Umeingia kwa mlango wa pembeni, mzee. Hujapekuliwa."

Mkuu wa Ofisi alifikiri, akasimama, akanyoosha mikono. Alikuwa mrefu kweli, na vidole vyake vilikaribia kugusa taa. Baba Pacha alimpapasa kwa heshima, mabega, mbavu, kiunoni, kama alivyowahi kuwapapasa wapakuzi wa ghala. Hakukuta kitu. Alichokiona mkewe kutoka benchini, kwa jicho ambalo halikuwahi kupumzika, ni kwamba shati la Mkuu lilikuwa limefumuka makwapa yote mawili.

"Mzee!" aliita. "Hilo shati nalo uniletee."

Mkuu aligeuza shingo, mikono ikiwa bado juu. "Ili nalo livaliwe?"

Aibu ya Mama Pacha ilikuwa imekwishia yote getini, hakubakiwa na hata tone.

"Hilo hapana, mzee," alisema. "Limechakaa. Mume wangu ana kazi sasa, siwezi kumvalisha matambara."